UNAUZA BREKI MTANDAONI? JIFUNZE HAYA KABLA HUJAPOKEA HELA YA MTU

Leo nataka tuongee na wale wanaouza spea za magari WhatsApp, Instagram na Facebook, hasa breki. Na wewe unayeuza viatu au vyombo ila mzigo unapeleka na Kirikuu au IST yako, usipite, somo linakuhusu pia.

Mimi si fundi wa chuo. Nimeishia kidato cha nne, mengine nimeyapata dukani na kwa mafundi ninaowauzia. Ila jambo moja liko wazi. Ukimuuzia mtu kava bovu la simu atakusema, utamrudishia hela, yameisha. Ukimuuzia breki isiyo yake, kesho asubuhi anapakia watoto na kuingia nayo barabarani. Bidhaa hii huwezi kuiuza kwa kupiga picha boksi na kuandika "bei njoo inbox". Twende kazi.

1. JUA UNACHOUZA

Gari ndogo nyingi tunazotumia, kama Vitz na Passo, mbele zina disk na nyuma zina dramu.

Disk ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi. Ukikanyaga breki, oil ya breki inasukuma pistoni ya kalipa, kalipa inabana pedi mbili huku na huku, mwendo unapungua. Dramu inafanya kazi kinyume: shuu ziko ndani, ukikanyaga zinatanuka na kusugua ukuta wa dramu.

Kwa hiyo mteja akiandika "nataka pedi za nyuma za Vitz", usikimbilie kufunga mzigo. Inawezekana anachohitaji ni shuu.

Pedi za mbele ndizo huisha haraka, kwa sababu ukifunga breki uzito mwingi unakuja mbele. Ukiwa na mtaji mdogo, anza na stoku ya pedi za mbele.

2. SIKILIZA MTEJA ANAVYOLALAMIKA

Mteja hatakuambia pedi zimebaki milimita ngapi. Atakuandikia "kaka gari inalia". Hapo mwombe akutumie voice note ya mlio wenyewe au aeleze vizuri, maana kila dalili ina maana yake:

- Inalia kwa sauti nyembamba kama filimbi kila akikanyaga breki. Pedi nyingi zina kijichuma kilichowekwa makusudi. Pedi ikikaribia kuisha, kinagusa disk na kupiga kelele. Hiyo ni kengele, na huyo ni mteja wa pedi.

- Inakwaruza, chuma kwa chuma. Pedi zimeisha kabisa, bati la nyuma ya pedi linaila disk. Mwambie mapema kwamba disk nayo ikaguliwe. Usipomwambia, ataweka pedi mpya kwenye disk yenye mabonde, zitalia, halafu atakuja kuandika kwenye peji yako kwamba unauza feki.

- Usukani unatetemeka akifunga breki kwenye mwendo. Mara nyingi ni disk haiko sawa. Pedi mpya peke yake hazitamaliza tatizo.

- Gari inavuta upande mmoja. Yawezekana kalipa ya upande mmoja imeganda, au pedi imeingia oil au grisi. Fundi aangalie kwanza.

- Tairi moja inapata moto sana na kuna harufu ya kuungua. Breki ya hapo haiachii.

- Pedali ni laini kama sponji, au inazama mpaka chini. Hapo kuna upepo kwenye mfumo, au oil inavuja, au masta silinda imechoka. HUYU USIMUUZIE PEDI.

Hiyo ya mwisho nairudia. Kuna mama mmoja anasambaza maji ya kunywa na Kirikuu, aliniandikia anataka pedi za haraka, hela iko tayari. Nikamuuliza, "Mama, pedali ikoje?" Akasema lazima aipampu mara tatu ndipo gari isimame. Nikamwambia mama yangu, pedi ninazo, ila leo sikuuzii, na hiyo gari usiitoe hapo ilipo, mwite fundi aje. Fundi alipofungua tairi la nyuma akakuta silinda inavuja na shuu zimelowa oil. Ningechukua hela yake angefunga pedi mpya za mbele, angejiona ametengeneza, na mzigo wa maji uko nyuma. Kuna hela ya kupokea na kuna hela ya kuikataa.

3. VIPIMO VYA KUKUMBUKA

Pedi mpya nyingi zina unene wa kama milimita 10. Ikifika milimita 3, badilisha. Unapima ile sehemu ya kusugua tu, bati la nyuma halihesabiwi. Mteja anaweza kumulika na tochi ya simu kupitia matundu ya rimu akakupigia picha. Ila pedi ya ndani haionekani vizuri kwa nje, na mara nyingine ndiyo imeisha zaidi. Uhakika unapatikana tairi likitolewa.

Disk nayo ina kikomo. Nyingi zimeandikwa "MIN TH" na namba ya milimita. Ikiwa nyembamba kuliko hiyo namba, usimshauri mtu akaichonge. Inatupwa.

4. MASWALI MATANO KABLA YA KUPOKEA HELA

Nakili haya, yaweke kwenye simu yako:

1. Naomba picha ya namba ya chasisi au kadi ya gari. (IST ya zamani peke yake ina NCP60, NCP61 na NCP65, kwa hiyo "pedi za IST" haitoshi.)
2. Unataka za mbele au za nyuma?
3. Umeona dalili gani?
4. Pedali ni ngumu, laini, au inazama?
5. Naomba picha ya pedi ya zamani, mbele na ubavuni, ukiweka rula pembeni.

Dakika tano za maswali ni nafuu kuliko mzigo uliofika Tabora kwa basi halafu urudi Dar, na nauli ya kwenda na kurudi mnagombania.

5. USIUZE YA UPANDE MMOJA

Utapata mteja: "Boss, upande wa kulia bado nzima, niuzie za kushoto tu." Kataa kwa upole. Breki zinabadilishwa kwa jozi, kulia na kushoto. Upande mmoja ukishika kuliko mwingine gari inavuta, na mvua ikinyesha ndiyo balaa.

6. OIL YA BREKI

Angalia kwenye kifuniko cha kopo lake, kimeandikwa DOT 3 au DOT 4. Muuzie hiyo hiyo. DOT 5 ni kitu kingine, ni ya silikoni, haichanganywi na hizo. Oil ya injini au ya usukani isiingie humo hata tone, inaharibu mipira na breki zinakataa.

Oil ya breki inavuta unyevu wa hewani. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzijoto 205 au zaidi, ila ikishaingia maji inaweza kushuka mpaka 140. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo pedali inazama. Ndiyo maana inabadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Usiuze kopo lililofunguliwa, hata kama limebaki nusu.

Na mteja akisema oil inapungua kila mara, usifurahie kumuuzia kopo kila wiki. Ama pedi zinaisha, ama inavuja. Mwambie akakague.

7. UJUMBE WA KUTUMA PAMOJA NA MZIGO

Andika kikaratasi au meseji: "Ukishafungiwa pedi mpya, pampu pedali mpaka iwe ngumu KABLA gari haijaondoka. Kilomita 200 za mwanzo funga breki taratibu, pedi na disk zizoeane." Gari ikitoka gereji bila kupampu, breki ya kwanza inaweza kwenda chini bila kushika. Meseji hiyo haina gharama.

8. KWA MNAOPELEKA MIZIGO WENYEWE

Mzigo ukizidi, breki zinachoka mapema. Kwenye miteremko mirefu kama Kitonga au Sekenke usishuke umekanyaga breki muda wote. Breki zinapata moto mpaka zinaacha kushika. Punguza mwendo ukiwa bado juu, weka gia ya chini, injini ikushikilie. Kila wiki angalia kopo la oil, na chini ya gari kama kuna unyevu karibu na tairi.

9. USIANDIKE "ORIJINO" KAMA HUNA UHAKIKA

Boksi linachapishwa popote. Nunua kwa mtu anayekupa risiti na anayepokea mzigo ukirudi. Bidhaa bandia ni kosa kisheria, na Tume ya Ushindani inazikamata. Kama pedi zako ni za bei ya kawaida, sema ni za bei ya kawaida. Mteja anaheshimu ukweli kuliko unavyofikiri.

Haya, hifadhi hii posti, mtumie na mwenzako anayeuza spea. Kwenye komenti niandikie: mteja wako wa mwisho wa breki ulimuuliza maswali mangapi? Somo lijalo tutaongelea tairi za mtumba na jinsi ya kusoma tarehe yake.

Biashara njema.