Kuuza Boma Kabla ya Kuhama: Njia Ipi Inafaa?

Somo letu safari hii linahusu jambo ambalo huamuliwa usiku, mtu na mkewe wakiwa jikoni, au mtu akiwa peke yake kitandani (na hapo ndipo shida huanzia). Ni kuuza shamba na nyumba huku kwetu ili kwenda kuanza maisha kwingine.

Jambo hili si geni. Miaka ya 1950 Wamaragoli walivuka mpaka wakaenda kulima Kigumba, huko Bunyoro, Uganda. Baada ya mwaka 1962, mashamba ya wazungu yalipoanza kugawanywa, watu wetu wengi walielekea Lugari na Trans Nzoia. Sababu tunaijua sote. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 1,000 katika kila kilomita moja ya mraba huko Vihiga, na 618 hapa Kakamega. Trans Nzoia walikuwa karibu 400. Baba mwenye nusu eka na wana watano hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Kila mwana akijenga isimba yake, hakuna mahali pa kupanda hata sukuma.

Basi hatusemi kuhama ni vibaya. Tunachouliza ni hiki: ukiamua kuhama, utauzaje?

Kwanza kabisa, shamba ni la nani? Nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi, uone hati ina jina gani. Katika vijiji vingi tunavyotembelea, hati bado iko kwa jina la babu aliyekufa zamani. Wewe umezaliwa hapo, umelima hapo, majirani wote wanajua mpaka wako, lakini kwa sheria huwezi kuuza. Sheria ya Urithi inakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha wasimamizi wa mali yake, na mtu anayeigusa mali hiyo bila ruhusa anaweza kushtakiwa. Anza kwa chifu, upate barua inayotaja warithi wote, kisha uende mahakamani. Kazi hii huchukua miezi, wakati mwingine miaka. Kwa hiyo ianze sasa, hata kama safari ni ya mwaka kesho kutwa. Warithi wote maana yake ni wote. Dada zako walioolewa Butere na Malava wamo pia.

La pili, mama wa boma anajua? Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya wenzi wote wawili. Tumeona wanaume wakileta mke mbele ya bodi asubuhi ile ile, bila kumwambia wanaenda wapi. Mama akiulizwa na wazee kama amekubali, anaanza kulia, na shughuli inaishia hapo. Kusema kweli, sisi hufurahi inapoishia hapo. Mwenye wake wawili awaambie wote wawili, tena mapema.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe.

Wengi huuza kupitia kwa broka. Broka ana miguu mingi, anajua wanunuzi, na si kila broka ni mwizi. Lakini angalia mtego huu. Tuseme anakuambia mnunuzi anatoa shilingi 700,000, na huku amemwambia mnunuzi kwamba wewe unataka 850,000. Hizo 150,000 za katikati ni zake, na ninyi wawili hamtakutana mpaka siku ya kutia sahihi. Dawa yake ni rahisi: kubalianeni malipo yake kwa maandishi tangu mwanzo, na bei mzungumze wewe na mnunuzi ana kwa ana, liguru akiwapo.

Njia nyingine ni kumuuzia ndugu au jirani. Mila yetu inapenda hivyo, na kuna faida: anajua mipaka, hatashangaa kukuta makaburi. Hasara yake ni kwamba ndugu hulipa polepole, na ni vigumu kumdai. Ukimuuzia ndugu, andikeni mkataba kama mnavyoandikiana na mgeni. Sheria inataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi, wote wawili mtie sahihi, na kuwe na shahidi anayewaona mkitia sahihi. Maneno ya mdomoni chini ya mwembe hayatoshi, hata kama mmenyonya ziwa moja.

Kuna kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Hii ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Mnunuzi analipa sehemu ya kwanza, anaingia, analima, anajenga. Wewe umeshahama na pesa ile imeisha kwa lori na mabati. Mwaka wa pili halipi, na nauli ya kuja kumdai inakushinda. Usidhani utamfukuza tu kwa kusema bodi haikupitisha. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani iliyokaa Eldoret ilionyesha kwamba mtu aliyenunua na kuwekwa ndani ya shamba anaweza kulindwa hata bila idhini ya bodi. Kwa hiyo kama ni lazima upokee kidogo kidogo, asiingie shambani kabla ya kumaliza, na hati ibaki kwa wakili.

Tena kuna kuuza sehemu na kubakiza sehemu. Unahitaji savea, fomu ya mgawanyo na hati mpya, yaani gharama. Lakini unabaki na mahali pa kurudi, na mahali pa kuzikwa.

Hapa tuseme wazi maoni yetu. Kwa familia ambayo haijawahi kuishi huko inakokwenda, tunapenda isiuze kwanza. Ikodishe shamba kwa mwaka mmoja, nyumba akae kijana wa ukoo, na wao wakakodi shamba kule ili waone mvua, soko, shule na majirani. (Kukodisha kwa miaka mingi nako hupitia bodi, kwa hiyo msiandikiane miaka kumi kwa haraka.) Kuna watakaosema mwaka mmoja ni kupoteza wakati, na bei kule inapanda. Labda. Lakini kumbukeni vita vya makabila vya 1991 na 1992 huko Trans Nzoia, na tena mapema 2008 baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu walirudi huku na magodoro kichwani. Aliyekuwa amebakiza kipande alikuwa na pa kuweka godoro lake. Aliyeuza yote alilala kwa shemeji.

Ukishachagua njia, usiruke bodi ya mashamba. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Ardhi ya Kilimo ya 1967, mauzo ya shamba bila idhini ya bodi ni bure, na ombi linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Ikishindikana, mnunuzi ana haki ya kudai pesa yake kama deni. Fikiria hiyo pesa iko wapi wakati huo! Ndiyo maana tunasema msile pesa ya shamba kabla ya bodi kukaa.

Juu ya kodi, ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi: asilimia 2 kwa shamba la mashambani na asilimia 4 mjini. Muuzaji naye anaweza kudaiwa kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Shamba la kilimo lisilofika eka 50 lililo nje ya mji limesamehewa, kwa hiyo wengi wetu haitugusi. Mwenye ploti ndani ya mji aulize KRA kabla ya kupanga bei.

Mambo madogo huleta magomvi makubwa, basi yaandikeni. Miwa iliyo shambani itakatwa na nani, na deni la mbolea la kampuni ya sukari atalipa nani? Mabati unang'oa au unaacha? Miti ya mkaratusi je? Na makaburi: andikeni yako wapi, ukubwa wake, na kwamba familia itaruhusiwa kuingia. Mnunuzi asiyetaka makaburi aseme mapema, si siku ya kuleta trekta.

Pesa isihesabiwe mezani. Ipite benki, ili kuwe na alama ya kila senti. Na isikae kwenye akaunti ya baba peke yake. Akaunti ya watu wawili, sahihi mbili, imeokoa maboma mengi kuliko mahubiri yetu.

Mwisho ni upande wa pili, kule unakonunua. Usiuze huku kabla hujafanya sachi ya kule. Watu wengi walionunua kupitia kampuni za mashamba huko Trans Nzoia walikaa miaka mingi na karatasi ya shea tu, bila hati. Shea si hati. Ukionyeshwa karatasi ya namna hiyo, uliza namba ya shamba, uiandike, uende nayo ofisi ya ardhi ya Kitale mwenyewe. Usimtume anayekuuzia.

Kazi ya kikundi: katika mkutano ujao kila mtu alete nakala ya hati ya shamba analokaa, hata kama hana nia ya kuuza. Mwandishi wa kikundi aandike hati ngapi ziko kwa jina la aliye hai na ngapi kwa jina la marehemu. Kisha mjadili: ni mwanachama gani anafikiria kuhama, na kati ya njia hizi ipi inamfaa? Akina mama waongee kwanza. Zile hati za marehemu mtupelekee orodha yake, tutamwomba afisa wa ardhi aje akae nanyi siku moja awaeleze hatua za mahakamani.