Dondoo muhimu: Ukitembelea Haller Park, Mombasa

Fika asubuhi, jua halijawa kali. Mwombe mwongozaji aanze na mivinje kabla ya twiga, maana somo lenyewe liko hapo. Mwaka 1971 hapa Bamburi palikuwa timbo tupu la mawe ya matumbawe, lililoachwa na kiwanda cha saruji. Ili kuliotesha, René Haller, ambaye bustani hii ina jina lake, alijaribu aina 26 za miti, mivinje ikashika. Majani yake makavu hayakuoza upesi, ndipo wakaletwa majongoo wayatafune yawe mboji. Inama utazame: juu vijiti vya kahawia, chini udongo mweusi, laini.

Ukirudi nyumbani, usichome majani uliyofagia uani. Yarundike chini ya mwembe, mbali kidogo na shina. Jongoo akitokea, mwache.