SOMO LA TOVUTI: TANGAZO LIMFIKIE MWANANCHI WA MWISHO

Watumishi wanaosimamia tovuti za ofisi za Serikali, pamoja na wananchi wenye nia ya kujifunza kazi hiyo, wanaletewa somo hili kuhusu ujuzi na zana za kutengenezea kurasa za mtandao. Mfano uliochukuliwa ni wa Mtwara na mwambao wa maingilio ya mto Ruvuma, kwa kuwa hali ya huko inakaribiana na ya Unguja na Pemba: watu wa bahari, vijiji vilivyo mbali na mji, na simu ya mkononi ambayo kwa wengi ndiyo mlango pekee wa kuingilia mtandaoni.

Umuhimu wa jambo hili

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Zamani mbiu ilipigwa kwa pembe, kisha ukaja ubao wa matangazo mbele ya ofisi, na leo tovuti ni ubao huo huo uliopelekwa mbali zaidi. Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari ya kimbunga Kenneth kwa mikoa ya kusini. Tarehe 25 ya mwezi huo kimbunga kilitua Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Katika siku kama hizo mvuvi wa Msimbati hana haja ya ukurasa wenye picha zinazopishana. Haja yake ni kujua kama aende baharini au asiende, mpaka lini, na nani wa kumpigia simu.

Mei 2024 yalitokea mawili katika mwezi mmoja. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilifika mwambao wa Tanzania. Tarehe 12 nyaya za EASSy na SEACOM zinazopita chini ya bahari zilipata hitilafu, na mtandao ukazorota nchini. Hali ikiwa hiyo, ukurasa mzito hukwama na ukurasa mwepesi hupenya. Hivyo basi, uzito wa ukurasa si suala la mafundi peke yao, bali ni sehemu ya wajibu wa kumhudumia mwananchi.

Ukurasa umejengwa kwa nini

Wavuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kiliuachia ulimwengu utumie bila malipo. Mpaka leo ukurasa hujengwa kwa lugha tatu. HTML hueleza kila kipande cha maandishi ni kitu gani: kichwa cha habari, aya, orodha au kiungo. CSS, iliyopitishwa rasmi mwaka 1996, hupanga sura, yaani rangi, ukubwa wa herufi na nafasi. JavaScript, iliyoanza mwaka 1995, huupa ukurasa vitendo.

Ikifananishwa na nyumba, HTML ni kuta na paa, CSS ni chokaa na rangi, na JavaScript ni milango inayofunguka. Anayejifunza aanze na kuta. Ukurasa wa HTML tupu husomeka, lakini rangi bila ukuta haina pa kushika.

Kosa la kuepukwa zaidi

Machi 2017 tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara zilizinduliwa kwa pamoja, Mtwara ikiwemo, zikiwa na muundo wa namna moja. Nyumba, kwa maneno mengine, ilikwisha kujengwa. Kazi inayobaki kwa ofisa ni kile anachokiweka ndani yake.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kupiga picha barua yenye saini na muhuri, kisha kuiweka picha hiyo kama tangazo. Sababu inaeleweka, kwani katika ofisi karatasi bila muhuri haina nguvu. Hesabu ifuatayo inaonesha gharama yake. Tangazo la maneno 400 likiandikwa kwa herufi, pamoja na alama zake za HTML, huchukua takriban kilobaiti 4. Likipigwa picha kwa simu laweza kufikia megabaiti 3, yaani zaidi ya mara 700. Pale mtandao unapopitisha kilobiti 100 kwa sekunde, maandishi hufika kabla ya nusu sekunde, na picha huchukua dakika 4 nzima, huku salio la mwananchi likiteketea. Aidha, picha haisomwi na programu zinazowasomea wasioona kwa sauti, wala maneno yaliyomo hayapatikani kwa urahisi mtu anapotafuta.

Inafaa ieleweke kuwa kwenye mtandao uthibitisho wa kwanza ni anwani. Jina linaloishia na .go.tz hutolewa kwa taasisi za Serikali tu. Basi maneno ya tangazo yaandikwe kwenye ukurasa wenyewe, na barua yenye muhuri iwe kiambatisho chini yake kwa anayeihitaji.

Kanuni sita za kazi

1. Neno kuu litangulie. Kichwa cha habari kiseme jambo lenyewe. "Tangazo Muhimu kwa Umma" hakimwambii msomaji lolote.

2. Lugha itajwe. Mwanzoni mwa HTML iandikwe lang="sw", ili programu zitambue kuwa maandishi ni ya Kiswahili. Mfumo wa herufi uwe UTF-8. Penye maandishi ya Kiarabu iongezwe dir="rtl", yasomeke kutoka kulia.

3. Ukurasa uenee kwenye simu. Upana wake ufuate kioo cha simu kwa agizo la width=device-width, msomaji asilazimike kuuvuta huku na huko.

4. Picha zipunguzwe kabla ya kupandishwa, na kila picha iandikiwe maelezo katika sehemu ya alt.

5. Tarehe na mwisho wa tangazo vionekane. Tahadhari ya mwaka juzi iliyoachwa bila tarehe yaweza kumtia hofu anayeisoma leo.

6. Faragha ilindwe. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Orodha ya majina na namba za simu za watu isitundikwe mtandaoni kwa mazoea tu.

Zana zinazopatikana bila malipo

Uhaba wa fedha usiwe kikwazo. HTML huandikika katika Notepad iliyomo ndani ya kompyuta za Windows. Anayetaka zana kubwa zaidi apakue Notepad++ au Visual Studio Code. GIMP hupunguza picha. Kikaguzi cha W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti tangu 1994, huonesha makosa ya HTML mstari kwa mstari. Mwongozo wa MDN hueleza kila alama na kazi yake. Kwa kuhifadhi nakala na kujua nani kabadili nini, ipo Git. Kadhalika, katika vivinjari vingi vya kompyuta za Windows, kitufe cha F12 hufungua sehemu ya mafundi, ambamo ukurasa waweza kutazamwa kwa upana wa simu na kuigiziwa mtandao wa polepole.

Zoezi

Mwanafunzi aandike tangazo hili: kivuko cha Msangamkuu kitasimama kwa matengenezo Jumatano, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Atumie kichwa kimoja, aya mbili na namba moja ya simu ya ofisi, asiweke picha, na faili lisizidi kilobaiti 5. Kisha alifungue kwa simu ya bei nafuu, mahali ambapo mtandao ni hafifu, amkabidhi mtu asiyekuwa na habari hiyo na kumuuliza: "Jumatano saa 4 utavuka?" Akijibu mara moja kuwa hatavuka, kazi imefaulu. Akianza kuuliza maswali, maandishi yarekebishwe.

Hitimisho

Habari ya Serikali ni amana, na amana haihesabiwi kuwa imefikishwa mpaka imkute mwenyewe. Watumishi wanaombwa kuzipitia kurasa za ofisi zao, kuanza na matangazo yanayohusu usalama wa bahari, afya na usafiri, na kuyageuza kuwa maandishi yale yaliyowekwa kwa picha. Penye shida ya kiufundi, ofisi za Bara ziwasiliane na Mamlaka ya Serikali Mtandao, na za Visiwani na Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar. Wananchi nao wanahimizwa kutoa taarifa kwenye ofisi husika kila wanapokuta tangazo lisilofunguka au lililopitwa na wakati.