Minyoo ya Moyo Katika Mbwa

Mbwa ni mlinzi wa nyumba usiku. Huko Milimani, mjini Kisumu, kama vile katika maboma ya mashambani, watu wengi hulala salama kwa sababu mbwa yu macho. Lakini mbwa aliyekuwa hodari akianza kukohoa, kuchoka upesi na kukonda, mwenyewe husema, "Amezeeka." Pengine si uzee. Huenda ameingiwa na minyoo ya moyo.

Minyoo hii si ile ya tumboni. Ni myembamba kama uzi, na jike aweza kufikia urefu wa sentimeta 30. Makao yake ni mishipa ichukuayo damu kutoka moyoni kwenda mapafuni, na ikizidi huingia moyoni mwenyewe. Huweza kuishi miaka 5 hata 7. Damu ikizuiliwa njia yake, moyo hulemewa, tumbo hujaa maji, mbwa huzimia, na mwisho hufa.

Jinsi unavyoenea

Mbwa hapati ugonjwa huu kwa kula uchafu, wala kwa kulala karibu na mbwa mgonjwa. Mwenye kuuleta ni mbu. Mnyoo jike huzaa watoto wasioonekana kwa macho, nao huenea katika damu. Mbu akimwuma mbwa huyo, huwanywa pamoja na damu. Penye joto watoto hao hukua ndani ya mbu kwa muda wa majuma 2 hivi. Kisha mbu akimwuma mbwa mwingine, huingia mwilini kwa tundu la ngozi, na baada ya miezi 6 au 7 huwa wamekomaa.

Penye baridi watoto hawa hawakui ndani ya mbu. Lakini kandokando ya Ziwa Viktoria joto lipo mwaka mzima, na mbu hawakosi maji ya kuzalia. Kwa hiyo mbwa wa huko hana msimu wa kupumzika.

Mfano wa Kodera

Nyanza ina mfano wake wa kale. Katika bonde la Kodera watu walipofushwa na mnyoo wa jamaa moja na huu, ulioletwa na inzi wadogo wa mitoni. Mwaka 1946 wataalamu walitia dawa ya DDT mitoni, wakawaua inzi hao wangali wachanga majini, hata wakatoweka bondeni. Adui alishindwa kwa kuzibiwa njia yake. Mwenye mbwa naye afanye vivyo hivyo, si kwa kumwaga sumu mtoni, bali kwa kumwaga maji yaliyotuama katika madebe na magurudumu ya zamani, na kuzibua mitaro.

Matibabu na kinga

Mbwa anayeshukiwa apelekwe kwa daktari wa wanyama, apimwe damu. Dawa ya kuua minyoo iliyokomaa, melasomini, ni sindano kali, nayo haipatikani kila mahali. Tena minyoo ikifa, vipande vyake huweza kuziba mishipa ya mapafu. Kwa sababu hiyo mbwa hana budi kufungwa na kutulizwa kwa majuma mengi; akiachwa akimbie, aweza kufa ghafula wakati anapoanza kupona.

Kinga ni rahisi zaidi. Dawa ya ivamekitini, ikitolewa kila mwezi, huua watoto wa mnyoo kabla hawajafika moyoni. Lakini mbwa mkubwa apimwe kwanza, na kipimo cha dawa kitolewe na daktari. Asidungwe dawa ya ng'ombe kwa kukisia, maana kwa uzito ulio sawa ng'ombe hupewa zaidi ya mara 30 ya kiasi hicho, na dawa ikizidi humdhuru mbwa.

Wako watu wamfukuzao mbwa mgonjwa kwa kuwahofia watoto wao. Hofu hiyo haina msingi. Mtu haambukizwi kwa kumgusa mbwa. Na hata mbu akimtia mtu mnyoo huu, jambo ambalo ni nadra, mnyoo hufa kabla ya kukomaa.

Mlinzi wa nyumba naye ahitaji kulindwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.