Vipimo na Vitanda: Somo Kutokana na Mjadala wa UVIKO-19

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 haikuwa tena dharura ya afya ya kimataifa. Mahema ya kutenga wagonjwa yalikuwa yamekwisha kung'olewa, na ndoo za kunawia mikono zilikuwa zimeanza kutoweka milangoni mwa maduka. Hata hivyo, swali moja lililozua ubishi mkubwa halikuondoka pamoja na mahema hayo: ukubwa wa ugonjwa hupimwa kwa idadi ya watu waliobainika maabara, au kwa idadi ya wagonjwa ambao hospitali inaweza kuwahudumia?

Swali hili si la wataalamu peke yao. Majengo ya huduma za dharura na ya wagonjwa mahututi yaliyojengwa katika halmashauri nyingi nchini ni matunda ya kipindi hicho, na kila mwaka madiwani hupitisha bajeti ya kuyaendesha. Mwananchi anayeelewa hesabu iliyo kati ya kipimo na kitanda ataweza kuuliza maswali yenye manufaa katika mkutano wa kijiji na katika kamati ya kituo cha afya. Hilo ndilo lengo la somo hili.

Mjadala ulivyokuwa

Nchini Tanzania mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020 mkoani Arusha. Kufikia mapema Mei takwimu za nchi, Zanzibar ikiwemo, zilikuwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa maabara kwa siri zikiwa na majina ya watu, na baadhi yake zikarudi na majibu ya kuwa na virusi. Tangu hapo takwimu za taifa hazikutolewa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wapo walioona kwamba takwimu zisizoaminika huleta hofu bure na kuharibu shughuli za watu. Wapo pia walioona kwamba bila takwimu, daktari wa wilaya hawezi kujua aandae nini.

Ubishi wa namna hiyo ulikuwapo hata katika nchi tajiri. Nchini Marekani, mwezi Juni 2020, Rais Donald Trump alidai kwamba kama nchi ingeacha kupima, ingekuwa na wagonjwa wachache sana. Nchini Uingereza, Waziri wa Afya Matt Hancock aliweka lengo la vipimo 100,000 kwa siku kufikia mwisho wa Aprili 2020. Siku ya mwisho ilipofika ilitangazwa idadi ya 122,347. Ndipo ikabainika kwamba takriban 40,000 kati ya hivyo vilikuwa vifurushi vilivyotumwa majumbani au vituoni, ambavyo bado havijarudi maabara. Mamlaka ya Takwimu ya nchi hiyo iliukosoa utaratibu huo wa kuhesabu hadharani.

Mifano hii mitatu ina funzo moja la mwanzo. Idadi ya vipimo inaweza kukataliwa, inaweza kupunguzwa na inaweza kutiwa chumvi. Kwa hiyo haifai kusomwa peke yake.

Kipimo kinaeleza nini

Chukua mfano wa wilaya mbili za kufikirika. Wilaya ya kwanza imepima watu 100 na kukuta 30 wana virusi. Wilaya ya pili imepima watu 2,000 na kukuta 80. Anayetazama idadi ya wagonjwa peke yake atasema wilaya ya pili ina hali mbaya zaidi, kwa kuwa 80 ni zaidi ya 30. Lakini katika wilaya ya kwanza, kila watu 100 waliopimwa 30 wamekutwa na ugonjwa. Katika wilaya ya pili ni wanne tu kwa kila 100. Wilaya ya kwanza inapima wale tu waliokwisha kuzidiwa, na nyuma ya kila mmoja wao huenda wapo wengi ambao hawakufikiwa. Wilaya ya pili imetupa nyavu mbali zaidi.

Uwiano huo wa waliokutwa na ugonjwa kati ya waliopimwa ndio kipimo cha upimaji wenyewe. Mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba nchi yenye ufuatiliaji mzuri isifikirie kulegeza masharti mpaka uwiano huo uwe chini ya asilimia 5 kwa angalau wiki mbili. Uwiano ukiwa mkubwa, maana yake upimaji haujaufikia ugonjwa ulipo.

Jambo la pili ni muda wa majibu. Kazi ya kipimo ni kumwezesha aliyeambukizwa ajitenge na waliokutana naye wafuatiliwe. Majibu yakifika baada ya siku kumi, mgonjwa amekwisha kuonana na jamaa zake, majirani na abiria wenzake. Kipimo hicho huingia katika takwimu, ila hakimkingi mtu yeyote.

Jambo la tatu ni usahihi. Hakuna kipimo kisichokosea kabisa. Wapimwe watu 10,000 ambao kati yao 10 tu wana virusi, kwa kipimo kinachokosea mara moja katika kila watu 200 wasio na ugonjwa. Watu wapatao 50 wataambiwa kuwa wanaumwa hali wazima, mara tano ya wagonjwa wa kweli. Kwa hiyo shaka juu ya maabara si dhambi. Dawa ya shaka hiyo ni kukipima kipimo chenyewe: sampuli ileile ipelekwe maabara ya pili, mitambo ikaguliwe, na matokeo ya ukaguzi yatangazwe. Kuacha kupima hakuondoi kosa la maabara. Huondoa tu uwezo wa kulibaini.

Kitanda ni zaidi ya godoro

Upande wa pili wa mjadala ulisema: vipimo viachwe, itazamwe hospitali. Ikiwa vitanda vipo vya kutosha, hakuna cha kuhofia. Hoja hii nayo inahitaji kupimwa.

Katikati ya mwaka 2020 Serikali ya Kenya ilizitaka kaunti zake 47 ziwe na angalau vitanda 300 kila moja vya kutenga wagonjwa. Kwa jumla hivyo ni vitanda 14,100. Ilikuwa hatua ya maana kwa wagonjwa wenye dalili nyepesi, lakini kitanda cha kutengea hakitoshi kwa mgonjwa anayeshindwa kupumua. Huko London, jumba la maonyesho liligeuzwa kuwa hospitali kwa muda wa siku tisa na kufunguliwa tarehe 3 Aprili 2020, likiwa limepangwa kuweza kupokea hadi wagonjwa 4,000. Katika wimbi la kwanza lilihudumia wagonjwa wapatao 54. Hospitali nyingine za jiji zilikuwa zimefanikiwa kuongeza nafasi zao zenyewe, na wauguzi waliobobea wa kuhudumia vitanda vyote vile hawakuwapo.

Kitanda cha mgonjwa mahututi kina sehemu nne: kitanda chenyewe, hewa tiba ya oksijeni, umeme usiokatika na watumishi. Ikikosekana moja, tatu zilizobaki hazina kazi.

Tuanze na watumishi. Wiki moja ina saa 168. Muuguzi akifanya kazi saa 42 kwa wiki, nafasi moja inayodai mtu usiku na mchana huhitaji wauguzi wanne, kabla ya kuhesabu likizo, uzazi, masomo na ugonjwa. Wodi inayotaka wauguzi watatu wawepo kila wakati inahitaji ikama ya wauguzi 12. Jengo lenye vitanda vipya na wauguzi wanne halina uwezo ulioandikwa kwenye kibao chake.

Tuendelee na oksijeni. Mgonjwa anayepewa lita 10 kwa dakika hutumia lita 600 kwa saa, yaani lita 14,400 kwa siku. Mtungi mkubwa wa hospitali huchukua takriban lita 6,800. Mgonjwa huyo mmoja humaliza mitungi miwili kwa siku na kuanza wa tatu. Wagonjwa 20 wa namna hiyo watahitaji mitungi zaidi ya 40 kila siku. Hospitali inayofuata mitungi mkoa wa jirani kwa gari moja itaona vitanda vyake vimejaa na wagonjwa wake hawana hewa.

Hesabu inayounganisha pande mbili

Vipimo na vitanda si washindani. Kipimo hutangulia, kitanda hufuata. Mtu huanza kuona dalili siku tano hivi baada ya kuambukizwa, ingawa wengine huchukua hadi siku 14. Wanaozidiwa hufika hospitali takriban wiki moja baada ya dalili. Kwa hiyo wodi iliyojaa leo inasimulia maambukizi ya wiki mbili zilizopita. Anayengoja wodi ijae ndipo achukue hatua amekwisha kuchelewa, kwa kuwa watakaoijaza wiki ijayo wamekwisha kuambukizwa.

Hesabu ya kukadiria ni rahisi: vitanda vinavyohitajika ni idadi ya wagonjwa wapya wanaolazwa kwa siku ikizidishwa kwa siku ambazo mgonjwa hukaa wodini. Hospitali yenye vitanda 20 vya oksijeni, ikiwa mgonjwa hukaa siku 10, inaweza kupokea wagonjwa wawili kila siku bila kuzidiwa. Wakifika watatu kila siku, baada ya siku 10 watahitajika vitanda 30, na wagonjwa 10 watakosa nafasi. Ongezeko la mgonjwa mmoja tu kwa siku limeigeuza hospitali tulivu kuwa hospitali iliyoelemewa. Upimaji mzuri ndio unaompa Mganga Mkuu wa Wilaya taarifa ya huyo mgonjwa wa tatu kabla hajafika mlangoni.

Tanzania baada ya mwaka 2021

Mwezi Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuundwa kwa kamati ya wataalamu, nayo mwezi uliofuata ikashauri, pamoja na mengine, kwamba takwimu zianze kutolewa tena. Tarehe 28 Juni 2021 alieleza kwamba nchi ilikuwa na wagonjwa wapatao 100, na takriban 70 kati yao walikuwa wakisaidiwa kwa oksijeni.

Msomaji aliyefuatilia hesabu za somo hili anaweza kuisoma taarifa hiyo kwa macho mapya. Kati ya kila wagonjwa kumi waliohesabiwa, saba walikuwa hali mbaya. Ugonjwa huu huwalaza wachache tu kati ya wengi unaowapata. Hivyo waliohesabiwa ni wale waliofika hospitali, na si wote walioambukizwa. Wakati huohuo taarifa ilieleza mzigo halisi: kama kila mmoja wa wale 70 angetumia lita 10 kwa dakika, mahitaji yangekuwa mitungi mikubwa 148 kwa siku. Takwimu isiyokamilika ilikuwa bado na manufaa makubwa kwa anayejua inachoeleza na kisichoelezwa nayo.

Tarehe 28 Julai 2021 chanjo ilizinduliwa. Tarehe 10 Oktoba mwaka huohuo ulizinduliwa mpango wa maendeleo wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 wenye thamani ya Shilingi trilioni 1.3, uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika sekta ya afya fedha hizo zilielekezwa kwenye majengo ya huduma za dharura, wodi za wagonjwa mahututi, mitambo ya kuzalisha oksijeni na mashine za uchunguzi. Mama aliyepata shida wakati wa kujifungua, mtoto mwenye homa ya mapafu na majeruhi wa bodaboda ndio wanaovihitaji vifaa hivyo leo.

Maswali ya kujadili

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Maneno haya yanafaa kwa jamii kama yanavyofaa kwa mtu mmoja. Ili wananchi wasingoje kilio, maswali yafuatayo yanaweza kuulizwa katika mkutano wa kijiji, kamati ya usimamizi wa kituo au kikao cha Baraza la Madiwani:

1. Vitanda vya wagonjwa mahututi vilivyopo katika hospitali yetu ni vingapi, na vingapi kati yake vina watumishi usiku na mchana?

2. Oksijeni iliyopo inatosha wagonjwa wangapi kwa siku ngapi, na mtungi ukiisha usiku wa manane unajazwa wapi?

3. Umeme ukikatika, jenereta huwaka baada ya muda gani, na mafuta yake yamo katika bajeti?

4. Sampuli ya ugonjwa wa mlipuko ikichukuliwa leo, majibu hurudi baada ya siku ngapi?

5. Takwimu zinapotangazwa, idadi ya waliopimwa hutajwa pamoja na idadi ya waliokutwa na ugonjwa?

Kila moja ya maswali haya lina jibu la namba, na kila namba inaweza kukaguliwa kwa kutembelea wodi, stoo na chumba cha jenereta. Iwe ni kipindupindu cha msimu wa mvua au ugonjwa mpya usiotarajiwa, majibu hayo yatafutwe wakati wodi bado zina nafasi.