Kibarua Mombasa, Kura Busia

Swali: Nilijiandikisha Busia, lakini kazi ya mjengo imenileta Mombasa. Naweza kupigia kura huku mwaka 2027?

Jibu: Kwa sasa hapana, ndugu yangu. Kenya haina kura ya posta; kidole chako kitatambuliwa kituo kile kile cha Busia. Ila unaweza kuhamisha usajili: nenda na kitambulisho ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge unaloishi, siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi wa 10 Agosti. Usijiandikishe upya, kwani kujisajili mara mbili ni kosa la jinai. Na ukihamisha usajili, mwakilishi wadi wa nyumbani atachaguliwa na wengine. Hilo huuma. Kama mjengo unaisha karibuni, mimi ningeiacha kura Busia, nianze kuweka nauli.