Istilahi Tano za Fizikia na Kemia katika Pakiti Moja ya ORS

Mzazi wa mtoto anayeharisha, awe Kibaha au Kisarawe, hupewa pakiti ya ORS na agizo fupi: yote ichanganywe katika lita 1 ya maji safi na salama. Agizo hilo limejengwa juu ya istilahi zifuatazo.

1. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu. Hupimwa kwa gramu au kilogramu. Pakiti ya mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ina gramu 20.5: glukosi 13.5, sitreti ya sodiamu 2.9, kloridi ya sodiamu (chumvi ya mezani) 2.6 na kloridi ya potasiamu 1.5.

2. Ujazo ni nafasi inayochukuliwa na kitu. Kimiminika hupimwa kwa lita au mililita.

3. Myeyusho ni mchanganyiko ulio sawa katika kila sehemu yake. Kinachoyeyuka huitwa kiyeyushwa. Kinachoyeyusha huitwa kiyeyushi. Hata maji maangavu ya bomba kutoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, ni myeyusho, kwa kuwa yana madini na klorini.

4. Ukolezi ni tungamo ya kiyeyushwa ikigawanywa kwa ujazo wa myeyusho. Gramu 20.5 katika lita 1 ni ukolezi sahihi. Katika nusu lita, ukolezi huwa gramu 41 kwa lita, yaani maradufu.

5. Osmosi ni mwendo wa maji kupita katika utando, kutoka upande wenye ukolezi mdogo wa viyeyushwa kwenda upande wenye ukolezi mkubwa.

Hapo ndipo penye hatari. Katika ORS sahihi, glukosi husaidia sodiamu kufyonzwa na utumbo, nayo maji huifuata mwilini. Myeyusho uliokolea mno huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni: kuharisha huzidi, na sodiamu katika damu yaweza kupanda kupita kiasi. Uliozimuliwa mno haurudishi chumvi za kutosha.

Soma maelezo ya pakiti kwanza, kwa kuwa zipo za ujazo tofauti. Myeyusho uliobaki baada ya saa 24 umwagwe.

Swali: Pakiti ni ya lita 1, na mzazi ana chupa ya mililita 500 tu. Afanyeje?

Jibu: Aijaze chupa maji mara mbili, ayamimine yote katika chombo kimoja safi, ndipo atie pakiti nzima. Asiigawe pakiti kwa kukadiria.